Mwalimu wa mazoezi, wa tempo, wa kujitolea: nani ni nani darasani?

Mtoto akirudi nyumbani na kusema wamepata mwalimu mpya wa Hisabati, wazazi wengi huridhika. Kipindi kina mtu, ubao unaandikwa, daftari linajaa. Mtoto naye hana la kuuliza: aliyeingia na chaki, darasa likasimama kumsalimu, huyo ni mwalimu. Ila neno hilo moja linabeba watu wanne au watano ambao kisheria, kimalipo na kimafunzo hawafanani hata kidogo. Yupo aliyetumwa na chuo kuja kufanya mazoezi. Yupo aliyemaliza kidato cha sita, anasubiri matokeo, kapata kibarua shule binafsi. Yupo aliyehitimu ualimu miaka mitatu iliyopita, ajira haijatoka, anajitolea. Miaka ya nyuma walikuwepo wa leseni, na nyuma zaidi walimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa watoto wote. Wote hao wameshika madarasa yasiyo na mwenyewe, na wengi waliyashika huku kazi yenyewe bado wanajifunza.

Mimi nimekuwa wa tempo, nimekuwa wa mazoezi, na nilijitolea mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya kuajiriwa. Sasa nafundisha Jiografia sekondari, na kila mwaka idara yetu inapokea wanachuo wawili watatu. Swali wanaloniuliza kuliko yote ni hili: nikikubali kushika vipindi vya watu wakati bado nasoma, nitaujenga ualimu wangu au nitauharibu? Nalijibu hapa kwa kirefu kwa sababu jibu linategemea wewe ni yupi kati ya hao niliowataja, na wengi wanaoingia darasani hawajui.

Pengo linatoka wapi

Kuna nchi zenye utaratibu kamili wa mwalimu wa akiba. Marekani, wilaya ya shule huwa na orodha ya watu wanaoitwa asubuhi kushika darasa la mwalimu mgonjwa, wakalipwa kwa siku. Uingereza kuna hata mawakala ambao kazi yao ni kupeleka walimu wa namna hiyo mashuleni. Tanzania hatuna orodha hiyo. Mwalimu akiugua siku mbili, kiranja anakwenda ofisini kuuliza, anaambiwa darasa lijisomee. Mwalimu akienda likizo ya uzazi, sheria inampa siku 84, au 100 akijifungua mapacha. Siku 84 ni wiki 12, zaidi ya nusu ya muhula. Mwalimu wa taaluma anakaa na ratiba yake, anavikata vipindi vya mama yule vipande vipande, anawagawia wenzake ambao nao wameshajaa. Kama ni Fizikia, na shule nzima ina mwalimu mmoja wa Fizikia, hakuna wa kugawiwa.

Hapo ndipo kijana mwenye barua ya chuo anapopokelewa kama mvua ya vuli. Hakuna anayemwita mwalimu wa akiba, lakini hiyo ndiyo kazi anayopewa, na barua yake haikuandikwa kwa ajili hiyo.

Barua ya chuo, bahasha ya mmiliki

Tuanze na mwalimu wa mazoezi, maana ndiye mwenye karatasi zilizonyooka. Vyuo vya ualimu huita BTP (Block Teaching Practice), vyuo vikuu husema TP (Teaching Practice), na wanafunzi wenyewe husema wako "fildi". Chuo kinamwombea nafasi, shule inampokea, anapewa masomo yake mawili na mwalimu mwenyeji. Anaandika azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula, na andalio la somo kwa kila kipindi, na mkufunzi wake anakuja kumwona akifundisha na kumpa alama. Alama hizo zinaingia kwenye matokeo yake. Bila mazoezi hakuna cheti, hata kama mitihani yote umepasua.

Shule haimlipi. Kwa wanafunzi wa vyuo vikuu wenye mkopo, miongozo ya Bodi ya Mikopo imekuwa ikiweka hadi Sh 10,000 kwa siku kwa siku zisizozidi 56, yaani Sh 560,000 kwa wiki nane zote. Humo mna chumba, nauli, chakula, na daftari za maandalio. Asiye na mkopo anategemea nyumbani, ndiyo maana wengi huomba shule iliyo karibu na kwa shangazi au mjomba.

Wa tempo ni mwingine kabisa. "Kupiga tempo" ni kufundisha kwa muda, mara nyingi shule binafsi, kwa makubaliano ya mdomo. Nilipiga tempo miezi mitano baada ya kidato cha sita. Nilikwenda kuulizia kazi Jumatatu, Jumatano nikawa darasani. Nilipewa vipindi 28 kwa wiki: Jiografia, Kiswahili, na Historia ambayo sikuwahi kuisoma juu ya kidato cha nne. Malipo yalikuwa kwenye bahasha, siku ambayo mwenye shule alijisikia, na mwezi wa mwisho bahasha haikuja. Sikuwa na pa kudai, kwa kuwa hapakuwa na maandishi popote kwamba nimewahi kufanya kazi pale. Hakuna mtu hata mmoja aliyeingia kuniona nikifundisha kwa miezi yote hiyo. Mkuu wa shule alipita dirishani, akiona nimesimama na wanafunzi wametulia, anaendelea na safari yake.

Sheria inasemaje juu ya mtu kama mimi wa wakati ule? Sheria ya Elimu ya 1978 iliweka wazi kwamba anayefundisha awe amesajiliwa kuwa mwalimu, au kama hana sifa za kusajiliwa, awe na leseni ya kufundisha. Mwaka 2018 ikaja sheria ya kuanzisha Bodi ya Kitaaluma ya Walimu, nayo imejengwa juu ya msingi huo huo wa usajili. Mimi sikuwa nimesajiliwa wala sikuwa na leseni, na sikujua kwamba vitu hivyo vipo. Miezi ile pia haihesabiki popote. Chuo hakiitambui tempo kama mazoezi, hata ukileta barua yenye mihuri mitatu.

Wa kujitolea anakaa katikati, na ndiye anayewachanganya watu zaidi. Wengi wao wamekwisha hitimu, wana vyeti, wanasubiri ajira ya serikali. Wengine ni wanachuo walio likizo. Anaandika barua kwa mkuu wa shule, anakubaliwa, anapewa vipindi. Malipo, kama yapo, hutoka kwenye michango ambayo wazazi wamekubaliana kwenye kikao, na tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 suala la michango limekuwa la kukanyaga kwa uangalifu. Kuna anayepata nauli tu. Kuna anayepata chai ya saa nne pamoja na walimu wengine, na basi.

Anachokitafuta ni uzoefu na jina zuri, akiamini siku ajira zikitangazwa atakumbukwa. Niwe mkweli kwa vijana hapa: barua ya mkuu wa shule inayosema umejitolea vizuri si mkataba wa kazi na haijawahi kuwa. Siku hizi ajira ya ualimu serikalini hupitia usaili. Kujitolea kunaweza kukusaidia kujibu maswali ya usaili kwa sababu umeyaishi, lakini hakukuwekei kiti.

Wasomaji wa Kenya watakuwa wanasubiri zamu yao. Kule kuna walimu wa BOM, wanaoajiriwa na bodi za shule na kulipwa kwa fedha za shule, na kuna wanagenzi (intern) wa TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali. Mwanagenzi asifananishwe na mwanachuo wetu wa mazoezi: yeye amekwisha hitimu na kusajiliwa, kwa kuwa sheria ya TSC ya 2012 hairuhusu asiyesajiliwa kufundisha. Kilichozua mgogoro ni kumpa kazi kamili ya mwalimu kwa jina la mwanafunzi. Wanagenzi wa sekondari msingi walikuwa wakipata Sh 20,000 za Kenya kwa mwezi kabla ya makato. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, Nairobi, iliamua kwamba TSC haikuwa na mamlaka ya kuajiri walimu waliohitimu kama wanagenzi, Mei wakagoma, na Januari 2025 wanagenzi wapatao 46,000 wakaingizwa kwenye ajira ya kudumu. Nakutaja huku kwa sababu kunaonyesha jambo ambalo sisi hatujalipeleka mahakamani: jina analopewa mtu darasani linaamua mshahara wake, lakini halipunguzi vipindi vyake.

Yaliyokwisha kujaribiwa

Kuna watu wanaosema mtu asiyemaliza chuo asishike darasa kabisa. Nawaelewa, ila nchi hii imejengwa na watu wa namna hiyo.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama kilichokuwa kikitawala, ilikutana Musoma na kuamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, ambayo mipango ya awali iliilenga 1989, ifikiwe mwishoni mwa 1977. Miaka mitatu! Walimu hawakuwepo, na vyuo vyote vya ualimu vikiunganishwa visingeweza kuwatoa kwa muda huo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapewa darasa na masomo kwa wakati mmoja. Walisoma kwa vijitabu walivyotumiwa, kwa vipindi vya redio, na kwa kukutana na mratibu aliyewafundisha na kuwafuata darasani, kisha mwishoni wakaingia chuoni kwa wiki chache kabla ya mtihani. Hadi katikati ya miaka ya 1980, zaidi ya 35,000 walikuwa wamefuzu kwa njia hiyo.

Jina "mwalimu wa UPE" limegeuzwa kuwa dharau, na linaniuma, kwa sababu aliyenifundisha kusoma alikuwa mmoja wao. Utafiti uliofanyika mwishoni mwa miaka ya 1980 uliwalinganisha na waliopita chuoni moja kwa moja, na matokeo yake hayakuunga mkono dharau hiyo: darasani hawakuachwa mbali, ingawa wa chuoni walikuwa imara zaidi kwenye sayansi. Mtu wa darasa la saba, anayefundisha darasa la tatu huku anasoma usiku kwa kibatari, hakuachwa mbali na aliyekaa chuoni. Ni jambo la kutafakari.

Mwaka 2002 ulipoanza MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, na ada ya shule za msingi ikiwa imefutwa, watoto walimiminika, na mwendo ukarudiwa kwa sura nyingine: mwanachuo wa daraja A, anayesomea kufundisha shule ya msingi, alikaa mwaka mmoja chuoni, mwaka wa pili akaumalizia shuleni akifundisha. Kisha zikaja shule za kata, sekondari zilizojengwa kila kata. Sekondari zilifunguliwa haraka kuliko walimu walivyoweza kupatikana, na katikati ya miaka ya 2000 wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya kama mwezi mmoja, wakapewa leseni, wakapangiwa shule. Mitaani waliitwa walimu wa vodafasta, kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu chapchap iliyokuwa imeshamiri wakati huo.

Weka UPE na vodafasta mizani moja. Wa leseni alikuwa na elimu kubwa zaidi, kidato cha sita dhidi ya darasa la saba. Alichokosa ni yule mratibu. Alipewa mwezi, akapewa chaki, akaachwa peke yake kwenye shule mpya yenye walimu watatu, wote wa leseni kama yeye. Wengi wao walijisomesha baadaye, Chuo Kikuu Huria na kwingineko, na leo ni wakuu wa shule wazuri tu. Lakini miaka ile ya kwanza walifundisha walivyofundishwa, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumtazama.

Hapo ndipo ninaposimama baada ya miaka yote hii. Kushika darasa ukiwa bado unasoma hakuna ubaya wenyewe. Kuna swali moja linalotenganisha tempo yangu na mazoezi yangu, UPE na vodafasta: nani amekaa nyuma ya darasa?

Karatasi yenye nukta

Nilipokwenda kufanya mazoezi nilijiona fundi, kwa kuwa nilishapiga tempo. Mwalimu mwenyeji wangu alikuwa mama aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Shule nzima tulimwita Madam. Wiki ya kwanza hakunipa darasa. Alinikalisha nyuma nimwangalie yeye. Nilichukia, nikaona ananichelewesha.

Wiki ya pili nikaingia kidato cha kwanza, wanafunzi 76, mada ya longitudo na wakati. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa moja, nyuzi moja kwa dakika nne. Nilichora ramani, nikaweka Greenwich katikati, nikafanya mifano miwili, nikauliza maswali, nikajibiwa. Kila baada ya hatua niliuliza, "Tumeelewana?" Darasa likaitika, "Ndiyooo!" Kengele ikalia nikiwa nafuta ubao kwa fahari.

Madam alikuwa amekaa dawati la mwisho na karatasi. Tulipotoka akanipa. Alikuwa amechora darasa zima, kila dawati kisanduku chake, na kila nilipomuuliza mwanafunzi swali, aliweka nukta kwenye kisanduku hicho. Nukta zilikuwa 17. Kumi na nne zilikuwa kwenye safu mbili za upande wa mlango, pale ninapoegemea meza nikifundisha. Tatu katikati. Upande wa kushoto na nyuma nzima, weupe mtupu. Pembeni ameandika: "Tumeelewana, mara 11."

"Huku hukufika," akaniambia, akiweka kidole kwenye weupe ule. "Twende."

Tukarudi darasani wakati wa mapumziko. Akamwomba msichana mmoja wa dawati la nyuma atuonyeshe daftari. Mwandiko mzuri, ramani imechorwa vizuri kuliko yangu, mifano yote miwili imenakiliwa bila kosa. Madam akamwandikia swali kwa penseli: Greenwich ni saa sita mchana, mji ulio nyuzi 45 mashariki ni saa ngapi? Mtoto akagawa 45 kwa 15, akapata tatu, vizuri kabisa. Kisha akatoa. Akaandika saa tatu asubuhi.

Alijua kugawa. Hakujua kwamba mashariki jua linatangulia, basi unajumlisha. Mifano yangu yote miwili ilikuwa ya miji ya magharibi, na katika ile miwili tulitoa. Mtoto alifuata nilichomfundisha, herufi kwa herufi. Jibu ni saa tisa alasiri, na kosa lilikuwa langu.

Miezi mitano ya tempo nilifundisha hivyo hivyo, Historia na yote, na sijui ni madaftari mangapi yana saa tatu asubuhi ndani yake. Hakukuwa na mtu wa kuniwekea nukta.

Mahali mazoezi yanapoharibika

Lazima nilitaje jambo ambalo walimu wenzangu hawapendi litajwe. Shule nyingi wanachuo wakifika, walimu wenyeji wanapumua. Mtu ana vipindi 30 kwa wiki, madaftari mia tatu ya kusahihisha, na sasa kuna kijana mwenye nguvu anayetaka kufundisha. Anampa ratiba yake yote na kwenda kushughulika na shamba. Simlaumu kwa uchovu wake, najua uzito wa madaftari yale. Lakini kuanzia siku hiyo, mwanachuo amegeuzwa wa tempo bila bahasha. Mkufunzi wa chuo atakuja mara chache, kwa siku iliyopangwa, na siku hiyo kila kitu kitakuwa kimepigwa pasi.

Oktoba 2016 nchi nzima iliona linakoweza kufika. Video ilisambaa ya wanachuo waliokuwa kwenye mazoezi, katika shule moja ya sekondari jijini Mbeya, wakimpiga mwanafunzi wa kidato cha tatu ndani ya ofisi, ngumi na mateke. Walifukuzwa vyuoni, na mkuu wa shule akavuliwa wadhifa. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinasema anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Mwanachuo hayumo humo kabisa. Waliofanya vile walistahili kuwajibishwa. Ila kila nikiikumbuka video ile naangalia nafasi iliyo tupu: yuko wapi mwalimu mwenyeji?

Wanafunzi ndio wanaobaki na hasara yenyewe. Vyuo vikuu vingi hupeleka wanachuo wao kati ya Julai na Septemba, na kidato cha pili na cha nne wana mtihani wa taifa kabla mwaka haujaisha. Mwanachuo anafika katikati ya mada, anaondoka katikati ya nyingine. Mwenyeji akirudi hajui pameishia wapi. Anafanya moja kati ya mawili: anarudia yote na kupoteza wiki tatu, au anaruka akidhani limefundishwa. Nimewahi kupokea darasa lililofundishwa hali ya hewa mara tatu na watu watatu tofauti, na halijawahi kusikia habari ya usomaji wa ramani.

Tiba yake ni ukurasa mmoja wa makabidhiano, umeandikwa siku ya mwisho: mada niliyoikuta, niliyoifikisha, zoezi lililosahihishwa na lisilosahihishwa, majina ya wanafunzi wanaohitaji kuangaliwa na sababu. Ubandikwe kwenye azimio la kazi. Shajara ya darasa peke yake haitoshi, kwa kuwa inaonyesha kipindi kilifundishwa, haionyeshi kilieleweka.

Kabla hujasema ndiyo

Mdogo wangu unayesoma ualimu na umeitwa kushika vipindi, uliza kwanza unaingia kwa jina gani. Kama ni mazoezi, jina la mwalimu mwenyeji lijulikane siku ya kwanza, na umwombe aje darasani hata siku ambazo mkufunzi haji. Omba, usisubiri. Wengi hukubali ukiwaambia kipindi maalumu: "Madam, kesho saa tatu nafundisha kitu kinachonipa shida, naomba uniangalie." Mazoezi yana kikomo cha vipindi, na chuo kimekuambia vingapi. Ukipewa mara mbili yake, mweleze mkufunzi mapema. Huo si utovu wa adabu.

Kama ni tempo, andikiana, hata karatasi moja: vipindi vingapi, masomo gani, malipo kiasi gani, tarehe ipi. Usipokee somo ambalo hukulisoma. Sema hapana kwa heshima, kwa sababu watoto wale wana mtihani na wewe una miezi mitano tu. Uliza pia juu ya leseni. Mwenye shule akicheka swali hilo, umeshapata jibu juu ya shule yenyewe.

Kama unajitolea, weka muda. Muhula mmoja, kisha kaeni mezani mzungumze upya. Nimewaona wahitimu waliojitolea miaka minne shule moja, wanafundisha vipindi vingi kuliko walioajiriwa, nauli wanaombea ndugu, na kila Desemba wanaambiwa wavumilie. Huko hakuna anayejifunza tena kitu kipya. Ni kazi kamili isiyo na mshahara.

Na ukikosa kabisa mtu wa kukaa nyuma, mwombe mwanachuo mwenzako. Mpe karatasi yenye visanduku vya madawati, aweke nukta. Hahitaji kujua Jiografia.

Wetu wa mwaka huu wanaripoti Julai, wawili, mmoja wa Jiografia na Historia, mwingine wa Jiografia na Hisabati. Nimeshamwomba mwalimu wa taaluma avipange vipindi vyangu vya bure saa zile wao wanapofundisha, na lile dawati la mwisho kwenye mkondo B, lenye mguu uliolegea, fundi ameligongea msumari jana.